Prosesa za Ushirika wa Maziwa

Mama yangu huwaambia watu kanisani kwamba natengeneza kompyuta. Nimemweleza mara nyingi kwamba sitengenezi, na kwamba kompyuta yenyewe ni moja tu. Hilo la pili humkatisha tamaa, kwa hiyo siku hizi namwacha aseme anavyopenda. Kazi yangu ni kuangalia seva moja kubwa iliyoko kwenye chumba kisicho na dirisha, ghorofa ya chini ya jengo moja mjini Moshi. Upande mmoja tumepakana na duka la vifaa vya shule, upande wa pili kuna fundi cherehani. Chumba changu ndicho pekee chenye kiyoyozi, na joto la Februari linapokolea, fundi cherehani huja kunijulia hali mara nyingi kuliko kawaida yake.

Seva hiyo ilinunuliwa na taasisi tatu: hospitali, chuo, na ushirika wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa kule juu, Kirua Vunjo. Hakuna aliyeiweza peke yake. Walichanga sawa, wakakubaliana wagawane sawa, na fundi aliyekuja kutoka Dar es Salaam kuifunga akaigawa mara tatu. Mgawo wenyewe hauonekani kwa macho. Ukifungua kabati utakuta mashine moja nyeusi inavuma, basi. Ndani yake kuna prosesa, yaani zile sehemu zinazofanya hesabu, na kuna kumbukumbu, mahali mashine inapoweka kazi iliyo mkononi. Kila taasisi ilipewa prosesa nne na theluthi ya kumbukumbu. Kila fungu tunaliita partisheni, na kila partisheni inaendesha mambo yake kana kwamba nyingine hazipo. Ya hospitali haijui kama kuna chuo. Ya chuo haijui habari za maziwa. Tunaojua ni mimi na mkuu wangu wa kazi, mzee kutoka mji wa Mkuu, Rombo, aliyewahi kufundisha hesabu sekondari na ambaye haamini jambo lolote mpaka liwe kwenye karatasi.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha hospitali ikakua. Waliacha mafaili ya karatasi, picha za eksirei zikahamia kwenye kompyuta, kliniki zikaongezeka, na kila Jumatatu asubuhi simu yangu ikawa inaita kabla sijakaa. Aliyekuwa akipiga ni matroni wa kliniki za nje, mwanamke mwenye adabu zake, lakini siku ya Jumatatu hakuwa na nafasi ya salamu.

"Mfumo wako unazunguka tena."

"Unazunguka wapi, matroni?"

"Kwenye kila kioo. Nina watu mpaka barazani."

Nilikuwa naangalia kwenye skrini yangu na kuona kweli. Prosesa nne za hospitali zilikuwa zimejaa mpaka juu tangu asubuhi. Za chuo zilikuwa nusu. Za ushirika wa maziwa zilikuwa hazifanyi kitu. Mstari wao ulilala chini kabisa, ukiinuka mara moja tu, mwisho wa mwezi, wakati wa kujumlisha maziwa ya kila mfugaji, kisha ukalala tena. Nilimwonyesha mkuu. Aliutazama kwa muda, akaniuliza kama waya haujakatika.

"Haujakatika. Hawana kazi ya kuipa."

Mashine yetu ina sifa moja ambayo watu wengi hawaijui, na wakielezwa hawashangai inavyostahili. Unaweza kuchukua prosesa kutoka partisheni moja ukaipa nyingine huku zote zinaendelea kufanya kazi. Huzimi kitu, hufungui kabati. Unachagua inakotoka, unachagua inakokwenda, unaandika idadi, unabonyeza. Muda wake haufikii wa kuchemsha chai. Kinachochukua muda ni ruhusa. Mkataba wa wale watatu ulisema hakuna atakayeguswa fungu lake bila yeye mwenyewe kukubali kwa maandishi, na mkuu wangu kifungu hicho alikijua kwa kichwa mpaka koma zake.

Tuliwauliza chuo kwanza. Wakasema haiwezekani, matokeo ya mitihani yanakaribia. Matokeo ya mitihani huwa yanakaribia mwaka mzima. Basi mkuu akampigia mwenyekiti wa ushirika. Mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Amesema hapana," aliniambia alipoweka simu. "Kisha ameniuliza watoto hawajambo."

"Sasa?"

"Nenda wewe. Wewe ni mtoto wa huko."

Nilikwenda Jumamosi, mvua ikinyesha ile nyembamba isiyokulowesha lakini isiyokuacha mkavu. Kituo cha kukusanyia maziwa kiko kando ya barabara ya vumbi, ambayo siku hiyo ilikuwa ya tope, na nyumba ya mwenyekiti iko nyuma yake, katikati ya migomba, ukipita uzio wa mimea ya masale. Nilimkuta mke wake zizini akikatakata shina la mgomba kwa ajili ya ng'ombe. Nilimwamkia. Aliitikia, akaweka panga chini, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa apate pumzi kwanza ndipo amwite mumewe.

Mwenyekiti alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye koti la sufu na viatu vya mpira.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mashine."

"Ndiyo, mzee."

"Mkuu wako nimeshamjibu."

"Nimekuja nisikie mwenyewe."

"Hapana," alisema kwa upole, akanivutia kiti. "Sasa kaa ule."

Nililetewa mtori wa ndizi. Nilikula nikiwa naeleza, na nadhani nilieleza vizuri, kwa sababu nilikuwa nimefanya mazoezi njiani. Nikamwambia hospitali imezidiwa, na kwamba za ushirika hazitumiki ila siku moja katika mwezi. Nikamwambia hatugusi taarifa zao, hakuna atakayejua nani analeta lita ngapi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa juu ya magoti.

"Hiyo prosesa ina ukubwa gani?"

"Ndogo, mzee. Kama kipande cha biskuti."

"Wanataka ngapi?"

"Mbili kati ya nne."

"Nikija nitaziona?"

"Hazionekani. Ziko chini ya chuma, na hata ukifungua huwezi kusema hii ni ya nani."

"Kwa hiyo unataka nitoe kitu ambacho sikioni, kiende mahali ambapo sitaona kimefika, kikafanye kazi nisiyoijua."

"Ndiyo, mzee."

"Angalau husemi uongo," alisema, akamwambia mkewe aniongeze mtori.

Halafu akanieleza yeye. Siku ya kikao cha kununua hiyo mashine, alisema, mtu mmoja mwenye tai alimuuliza mbele ya watu wote wafugaji wa maziwa wanataka kompyuta ya nini. Alisimama tu akasema wanataka sawa na wengine, watatoa sawa na wengine. Wakatoa. Wanachama walinung'unika mwaka mzima. Sasa kila mkutano mkuu kuna mtu anayenyoosha mkono na kuuliza ile mashine iko wapi, na yeye hujibu kwamba iko Moshi, na kwamba ushirika una prosesa nne, sawasawa na hospitali.

"Safari hii wakiuliza nitasema nini? Kwamba nimezigawa?"

"Utasema umeziazima."

"Nimeshaazima mimi. Nilimwazima mtu ukanda wa shamba la kihamba pale chini, karibu na mfereji. Alisema maharage tu, msimu mmoja. Akapanda migomba."

"Ikawaje?"

"Sasa ni jirani yangu."

Mkewe alikuwa amekuja kusimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu. Alisema kwa Kichagga, kwa sauti ndogo, kwamba Jumanne ana kliniki ya presha Moshi, na kama mzee anataka kuiona mashine si waende pamoja. Mzee alifikiri.

"Nitakuja kuangalia," aliniambia. "Kuangalia tu."

Jumanne alikuja kweli, kwa bajaji, amevaa suti na kofia. Alikuwa amemwacha mkewe kwenye foleni hospitalini. Tulimfungulia chumba. Aliizunguka mashine polepole, akainama kutazama nyuma yake kwenye nyaya, akaweka kiganja juu ya mlango wa kabati kama mtu anayepima homa.

"Ina joto."

"Ndiyo maana tunaweka kiyoyozi."

"Zetu ziko upande gani?"

"Hazina upande, mzee. Njoo uone hapa."

Nilimkalisha mbele ya skrini yangu. Kulikuwa na mistari mitatu, kila mmoja na jina la taasisi, na mbele ya kila jina namba nne. Alivaa miwani. Alisoma jina la ushirika wake kwa kunong'ona, herufi kwa herufi, na nikaona uso wake unalegea.

"Mmetuandika vizuri."

"Asante, mzee."

"Hospitali nne."

"Nne."

"Chuo nne."

"Nne."

"Basi," alisema akivua miwani. "Iacheni hivyo hivyo."

Mkuu wangu alimwagizia chai. Wakazungumza habari za bei ya pumba na mvua ya Rombo, wakagundua kwamba kuna mchungaji wanayemfahamu wote, na mzee akaondoka akiwa ametushukuru kwa mapokezi. Mimi nilirudi kwenye kazi zangu. Sikukasirika. Niliona kwamba angalau amekataa akiwa ameona anachokataa.

Mchana simu yangu ikaita. Namba ilikuwa yake. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watoto na mtu anaita majina.

"Binti. Nimemkuta mama palepale nilipomwacha."

"Kwenye foleni?"

"Kwenye benchi lilelile. Nimekwenda dirishani kuuliza. Yule dada ana kitu kinazunguka kwenye kioo chake. Duara. Nimesimama nikaliangalia. Halichoki."

"Ni mfumo unasubiri, mzee."

"Unasubiri nini?"

Nilimtazama mkuu, ambaye alikuwa ameacha kuandika.

"Unasubiri prosesa."

Nilisikia mtu anakohoa, na sauti ya mwanamke ikisema kwa Kichagga, twende nyumbani baba, tutakuja siku nyingine, gari litatuacha.

"Zangu sasa hivi zinafanya nini?" aliuliza mzee.

"Hazifanyi kitu."

"Hazifanyi kitu kabisa?"

"Kabisa, mzee."

"Hamisha."

Nilifunika simu kwa mkono. Mkuu alishasikia. Alitingisha kichwa, akanyoosha mkono, nikampa simu, naye akamweleza mwenyekiti kwa heshima zote kwamba mkataba unadai maandishi. Sijui mzee alimjibu nini. Mkuu alisema "ndiyo" mara kadhaa, halafu akasema "hata karatasi ya kawaida", halafu akanirudishia simu huku amekunja uso kidogo.

Yaliyofuata upande wa hospitali nilisimuliwa na matroni baadaye. Anasema mzee mwenye suti alimfuata ofisini akamwomba karatasi na kalamu. Matroni alidhani anataka kuandika malalamiko, akampa, kwa sababu wanaolalamika wana haki yao. Mzee aliandika akiwa amesimama, akaegemeza karatasi ukutani. Kisha akamwomba aipige picha aitume kwa mtu wa mashine. Picha hiyo ninayo mpaka leo. Ni karatasi ya kuandikia dawa, na kwa herufi za kulala, zile walizofundishwa watu wa umri wake, inasema kwamba yeye, mwenyekiti wa ushirika, ameruhusu prosesa mbili kwenda hospitali kwa muda. Chini yake kuna neno moja peke yake, limepigiwa mistari miwili: *Zirudi.*

Mkuu aliisoma, akaniambia niichapishe, akaigonga muhuri, akaiweka kwenye faili. Ndipo akasema, "Haya."

Nikachagua ushirika, nikachagua hospitali, nikaandika mbili, nikabonyeza. Mashine ikakataa. Fundi wa Dar es Salaam, siku ile ya kufunga, alikuwa ameweka kiwango cha juu kwa kila partisheni, na kwa hospitali kilikuwa tano. Ya sita isingepokewa mpaka partisheni nzima izimwe na kuwashwa upya. Nikaandika moja. Ikaenda. Nikajaribu kuhamisha na kumbukumbu. Hiyo si kama prosesa. Prosesa ukiiita inakuja, kumbukumbu lazima kwanza iachiwe na mwenye nayo, na mwenye nayo huwa ameweka vitu kila pembe hata kama havitumii. Ilikuwa inatoka kidogo kidogo, inasimama, inatoka tena. Niliikalia mpaka ikafika niliyotaka.

Kwenye skrini yangu mstari wa hospitali ulishuka kidogo kutoka juu. Hilo tu. Kule dirishani, anasema matroni, yule dada alisema "eh" na kuanza kuita majina.

Mke wa mwenyekiti alikuwa ameshasimama na kuchukua kikapu chake. Jina lake lilipoitwa mzee alimshika mkono akamgeuza. Walipompima presha, muuguzi alirudia kupima kwa mkono wa pili, akatoka nje, akarudi na daktari. Hakuruhusiwa kurudi nyumbani. Alilazwa siku hiyohiyo, na alikaa wodini zaidi ya juma.

Watu wakisikia habari hii hutaka niseme kwamba prosesa ilimwokoa. Sisemi. Aliyemwokoa ni daktari, na daktari hajawahi kusikia habari za prosesa. Ninachojua ni kwamba mama yule alikuwa amesimama kuondoka, kikapu mkononi, na gari la mwisho la Kirua lilikuwa halijaondoka.

Ilibaki ile ya pili. Nilimpigia matroni nikamweleza kwamba nahitaji kuuzima mfumo wa hospitali kwa muda.

"Umelewa?" aliniuliza.

"Nitauwasha tena. Niambie lini una watu wachache."

Alifikiri. "Jumapili, watu wakiwa ibadani. Hata wagonjwa huwa wanangoja ibada iishe ndipo wazidiwe."

Tulikubaliana Jumapili, wao waandike kwa mkono saa hiyo. Mama yangu hakufurahi nilipomwambia sitakuwepo kanisani. Alisema sijui kompyuta gani inaharibika siku ya Bwana. Nilimwambia haijaharibika, naizima tu, na hilo likamzidishia hasira.

Asubuhi hiyo nilimkuta mwenyekiti ameshafika, amekaa ngazini nje ya jengo na Biblia mapajani. Alikuwa amelala kwa jamaa yake mjini ili awe karibu na wodi. Alisema amesikia nazima, na kwa kuwa kilichomo ni chake, ameona ni vizuri awepo. Nilimpa kiti cha plastiki na koti langu la akiba. Akakaa katika kile chumba cha baridi kama mtu aliye msibani, ameiweka kofia juu ya Biblia.

Nilizima. Kwenye skrini mstari wa hospitali ukageuka kijivu.

"Imekufa?"

"Imezimwa, mzee."

"Mama yuko kwenye mashine yoyote kule?"

"Hapana. Hii ni ya majina na majibu ya vipimo tu. Za wodini zina umeme wake."

"Sawa." Baada ya muda akauliza tena, "Yoyote kabisa?"

"Hayupo, mzee."

Nilibadilisha kiwango cha juu kuwa sita, nikahamisha ile prosesa ya pili, nikawasha. Mashine kubwa haziamki haraka. Inajikagua, inahesabu kumbukumbu yake yote, inauliza kila kifaa kama kipo. Muda wote huo hakuna unachoweza kufanya, na mtu anayeiona kwa mara ya kwanza huanza kukutazama wewe. Mzee alinitazama. Mimi nilitazama skrini kama mtu mwenye uhakika, jambo ambalo ni sehemu ya kazi yangu. Ikafika mahali ikasimama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Mzee akafungua Biblia, akasoma kimoyomoyo, midomo ikitembea. Sikumuuliza anasoma wapi.

Mstari ukarudi kijani. Namba mbele ya jina la hospitali ilikuwa sita, ya chuo nne, ya ushirika mbili. Mzee alivaa miwani akaziangalia zote tatu, na kwenye ile mbili akakaa sana.

"Inaonekana ndogo," alisema.

"Zitarudi mwisho wa mwezi, mzee. Nimeahidi."

"Nitakuja."

Nilidhani ni maneno tu. Lakini mwisho wa mwezi alifika, na suti yake, akaomba kiti. Nilimrudishia prosesa zake mbili mbele ya macho yake. Mfumo wa ushirika ukajumlisha maziwa ya mwezi mzima, na ukamaliza kabla chai haijapoa.

"Imemaliza?"

"Imemaliza, mzee."

"Mara hii?"

"Mara hii."

Nina hakika wakati ule alielewa kwamba hata mbili zingetosha. Alikunywa chai yake yote, kisha akasema, "Basi warudishie."

Ikawa hivyo kila mwezi. Matroni aliizoea siku hiyo, akawa anapanga kliniki zake kwa kuikwepa, na ukutani kwake aliandika *Siku ya Maziwa*. Mke wa mwenyekiti alipopata nafuu alikuwa anakuja pamoja na mumewe, anakaa na fundi cherehani kwa sababu chumba changu kilikuwa baridi kwake, na hakukosa kuniletea mkungu mdogo wa ndizi au maziwa kwenye chupa ya maji. Baada ya muda niliipangia mashine ifanye yenyewe, kupeleka na kurudisha, kwa tarehe. Nilimweleza mzee kwamba si lazima asumbuke tena. Alisema hasumbuki. Akaendelea kuja, akakaa mbele ya skrini kungojea mbili igeuke nne, na ilipogeuka alitingisha kichwa kuashiria kwamba ameona.

Siku moja mkuu alimshauri kuhusu njia nyingine. Kuna namna ya kuziweka prosesa zote kwenye fungu moja, hakuna ya mtu, na kila partisheni ikichota inavyohitaji. Mzee alisikiliza kwa makini, akauliza maswali ya maana, halafu akasema hapana, na safari hii aliwaulizia wajukuu.

Kisha ushirika ulifanya uchaguzi, naye hakugombea. Alisema magoti. Aliyechaguliwa ni mwanamke mwenye ng'ombe wengi na simu mbili. Tulimpigia, tukamweleza habari ya fungu moja, akasema, "Lini mnaanza?" na maandishi yakaja siku hiyohiyo, yamepigwa chapa. Tukafanya. Chuo nao waliingia, matokeo yalipokuwa hayakaribii sana. Siku hizi hakuna kuazima wala kurudisha. Hospitali inachota asubuhi, chuo usiku, maziwa mwisho wa mwezi, na mimi sina ninachobonyeza. Foleni ya Jumatatu bado ipo. Prosesa zinatosha sasa. Wasiotosha ni madaktari.

Nilipanda Kirua kumwambia mwenyewe, maana sikutaka asikie kwa watu. Nilimkuta nje akinoa panga. Mkewe alikuwa ndani, nikamsikia anaimba. Nilimweleza. Alisimamisha kunoa.

"Kwa hiyo zetu sasa ni zipi?"

"Hakuna za mtu, mzee. Anayehitaji anachukua."

"Na maziwa yakihitaji?"

"Yanapata."

"Hata zaidi ya nne?"

Sikuwa nimelifikiria kwa upande huo. "Hata nane, kama wengine hawazitumii."

Alilitafakari hilo, akijaribu makali ya panga kwa kidole gumba.

"Nane," alisema. Akamwita mkewe kwa sauti, akamwambia kwa Kichagga kwamba ushirika unaweza kupata nane, zaidi ya hospitali. Mkewe akajibu kutoka jikoni kwamba mgeni hajala.